Watakwimu Wavuke Mpaka Wakiwa Bado Wanafunzi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilitupatia hesabu ya Watanzania 61,741,120. Katika hesabu hiyo Mkoa wa Singida, uliokuwa na watu 1,370,637 wakati wa sensa ya mwaka 2012, ulikutwa na watu 2,008,058. Maana yake ni kwamba katika kipindi cha miaka kumi Taifa zima liliongezeka kwa asilimia 37, na Singida ikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 46.

Mtu yeyote mwenye dhamana katika kata ya Mandewa, pale Manispaa ya Singida, awe ofisa mtendaji, mwalimu mkuu au mganga, anayo haki ya kuuliza: hao waliozidi ni akina nani? Je, ni watoto waliozaliwa papo hapo, au ni watu waliohamia? Na kama wamehamia, wametoka vijijini kufuata mji, au wametoka mikoa mingine kufuata ardhi na biashara ya alizeti? Jibu la swali hilo ndilo linaloweza kuamua iwapo kinachotakiwa kwanza ni madarasa ya watoto wadogo, au viwanja vilivyopimwa, au maji. Tarakimu haijielezi yenyewe. Inahitaji mtu aliyefundishwa kuihoji, na aliyefundishwa pia kuitilia shaka.

Walimu na watumishi wa Serikali hawana haja ya kuelezwa kazi hii ilivyo. Wengi wao walikuwa makarani katika sensa ya mwaka 2022, wakatembea na vishikwambi kutoka kaya hadi kaya. Hata katika mwaka usiokuwa na sensa, mwalimu mkuu hujaza takwimu za shule yake, na muuguzi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Mandewa huandika mgonjwa baada ya mgonjwa katika rejesta za MTUHA. Hawa ndio wanaozizalisha takwimu za nchi. Lakini yule anayezikusanya hizo namba, akazipanga, akazitafsiri na kumshauri Waziri, ni nani, na alisomea wapi? Hilo ndilo jambo ambalo leo tungependa kulizungumzia, kwa sababu tunaamini kwamba mafunzo ya watakwimu wetu yanakosa kitu kimoja ambacho zamani tulikuwa nacho na tukakiachia.

Kabla ya Uhuru hesabu za nchi zetu zilifanywa pamoja. Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki ilikuwa Nairobi, na ndiyo iliyosimamia sensa ya mwaka 1948. Mpango huo ulikuwa wa mkoloni, ukitumikia haja za mkoloni, nasi hatuna sababu ya kuusifu. Lakini nchi zetu zilipojitawala hazikuutupa moyo wa kufanya kazi pamoja. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1963 kikiwa na vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kijana wa Singida aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Na Mkenya au Mganda aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako masomo hayo yalikuwa yameanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba. Hakuna aliyeyaita hayo mabadilishano ya wanafunzi. Ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya kusoma.

Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chake. Inashangaza kidogo kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 1969, Makerere ilikuwa imefungua Taasisi ya Takwimu na Uchumi Tumizi, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ili ifundishe watakwimu wa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Wakati siasa ikitengana, takwimu ilikuwa inaungana. Kwetu Dar es Salaam nako kilikuwapo Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichozaliwa katika miaka hiyo hiyo ya 1960 na ambacho mwaka 1994 kilipewa sheria yake na Bunge letu. Chuo hiki, ambacho kipo Changanyikeni, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli na ndege zikagawanywa, vyuo hivi viwili havikuacha kuwa vya eneo zima.

Kwa hiyo mbegu ipo. Lakini mwanafunzi anayekwenda nchi nyingine akakaa miaka mitatu, akachukua shahada yake na kurudi, ni tofauti na idara mbili zinazopeana wanafunzi mwaka hadi mwaka, kila moja ikiwa mwenyeji na kila moja ikiwa mgeni. Katika mpango wa namna hiyo mwanafunzi hubaki wa chuo chake. Huenda kwa mwenzake muhula mmoja, husoma, hufanya kazi ya nje, kisha hurejea akiwa na maswali ambayo mwalimu wake hakuyategemea. Na mwaka unaofuata mwalimu hujua kwamba somo lake litapimwa na wageni. Ushirikiano ukidumu miaka kumi au ishirini, idara zote mbili huwa zimebadilika bila ya kutangaza mageuzi yoyote.

Wako watakaosema kwamba hesabu ni hesabu. Wastani unaotafutwa Kampala ndio unaotafutwa Dodoma, na mwanafunzi hana haja ya kupanda basi kwenda kuutafuta. Hoja hii ni kweli kwa kanuni zilizomo kitabuni. Si kweli hata kidogo kwa kazi ya mtakwimu.

Chukua mfano wa mavuno. Mkulima wa Mandewa hupanda alizeti, mtama au uwele mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, akavuna mara moja tu. Ukimwuliza amepata magunia mangapi, atakujibu, kwa sababu aliyahesabu akiyafunga. Sasa mchukue kijana aliyezoea dodoso la namna hiyo, umpeleke Masaka, nchini Uganda, katika shamba la migomba lenye kahawa na maharage ndani yake. Mkungu mmoja umekatwa wiki iliyopita, mwingine jana, mwingine utakatwa keshokutwa, na mama mwenye shamba hakuandika popote. Swali la magunia mangapi mwaka huu halina maana kwake. Inabidi kijana ajifunze kuuliza kwa wiki, kurudi tena na tena, na kupima eneo la shamba ambamo mazao matatu yamesimama juu ya ardhi moja. Na Mganda anayekuja Singida hukutana na shida iliyo kinyume: mkulima aliyevuna Juni akiulizwa Februari, magunia yamekwisha kuliwa, kuuzwa na kugawiwa ndugu, na jibu analotoa ni la kumridhisha mgeni. Kanuni ni ile ile, lakini kosa linaingia kwa mlango mwingine. Hakuna ubao unaoweza kufundisha jambo hili kama shamba lenyewe.

Au chukua neno kaya, ambalo kila karani wa sensa amelikariri. Wanaokula chungu kimoja na kulala pamoja. Ni rahisi kutamka. Lakini mzee mwenye wake wawili na miji miwili ana kaya ngapi? Mwanafunzi wa sekondari aliyepangishiwa chumba mjini, akiletewa unga na wazazi wake kila mwisho wa mwezi, ni wa chungu gani? Uamuzi wa karani mmoja juu ya mlango mmoja ni jambo dogo. Ukirudiwa katika milango elfu kumi, ukubwa wa kaya wa mkoa mzima hubadilika, na hapo ndipo watu hulaumu kompyuta.

Tunaikumbuka hapa kazi ya bambo, ambayo kila mnunuzi wa nafaka anaijua. Mnunuzi mzoefu hachomi gunia mahali pamoja, kwa sababu anajua muuzaji mjanja huweka punje safi juu. Huchoma ubavuni, huchoma chini, huchoma gunia alilochagua mwenyewe na si lile aliloonyeshwa. Sampuli ya mtakwimu haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Mdadisi ambaye huishia kwenye nyumba zilizo kando ya barabara ya lami amechoma juu ya gunia tu. Na ofisa aliyempa gari na siku mbili za kumaliza kazi asijidai kushangaa.

Iko faida nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni ya lugha. Mtanzania akiwa Masaka ataona kwamba Kiswahili chake hakimtoshi kwa bibi anayesema Kiganda tu. Itambidi apitie kwa mkalimani, na atasikia swali lake refu likigeuka kuwa maneno mawili, na jibu refu likirudi kwake kama ndiyo. Aliyewahi kukaa upande huo wa mazungumzo, akirudi Singida hatamwendea bibi wa Kinyaturu na Kiswahili cha ofisini kilichojaa maneno ya semina. Hili ni somo la takwimu, si la adabu peke yake, maana swali lisiloeleweka huzaa namba, na namba hiyo huchapwa kama zilivyochapwa nyingine.

Hatupingi urafiki na vyuo vya mbali. Mpango wa Linnaeus-Palme, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa fedha za Serikali ya Sweden, ulijengwa juu ya msingi mzuri kwamba wanafunzi na walimu waende pande zote mbili, na vyuo vya Tanzania vimenufaika nao. Hata hivyo ni lazima tuseme wazi kwamba ushirikiano unaolipiwa na upande mmoja hukaa kwa hiari ya upande huo. Siku bajeti ya Ulaya inapobanwa, kijana wetu ndiye wa kwanza kubaki nyumbani. Tena iko hatari ya mgawanyo wa kazi usiopendeza, kwamba mgeni aje achukue taarifa za vijiji vyetu kwa ajili ya tasnifu yake, na sisi tuchukue picha za pamoja. Dodoma na Makerere, au Dar es Salaam na Nairobi, hazina sababu ya kuoneana haya wala kuombana. Nauli ni ya basi, na tatizo linalochunguzwa ni la wote wawili.

Kama ni hivyo, kwa nini jambo hili si la kawaida? Haiwezekani kusema kwamba viongozi hawakutoa njia. Mei 2017 Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakikutana Dar es Salaam, walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Uganda, lipo kwa ajili ya kazi kama hiyo. Kizuizi kipo chini zaidi, katika ofisi za kawaida. Ni karani wa usajili asiyejua aandike nini kwenye matokeo ya mwanafunzi aliyesoma somo moja nchi jirani. Ni mhasibu anayetaka kumtoza mgeni ada ya mgeni. Ni mkuu wa idara anayeona kwamba barua ya makubaliano ikishawekwa sahihi kazi imekwisha. Na ni kalenda: Makerere hufungua mwaka wake Agosti, vyuo vyetu Oktoba au Novemba, na katikati hapo muhula wa mwanafunzi unapotea.

Haya yote yanaweza kurekebishwa na watu wanaolipwa mshahara kuyarekebisha. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na ambacho kinafundisha takwimu, kiko umbali wa saa chache tu kwa barabara kutoka Singida. Idara yake ikikubaliana na wenzao wa Makerere kwamba kila mwaka wanafunzi kumi waje na kumi waende, kazi ya vitendo ya wageni inaweza kufanyika katika kata kama Mandewa, ambako mji na shamba vimepakana na hospitali ya mkoa ipo hapo hapo. Sharti letu liwe moja: matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kata, yabandikwe ubaoni, na mtendaji, walimu na wananchi wayasome na kuyakosoa kabla hayajawa karatasi ya chuo. Mwenyekiti wa mtaa akisema hesabu ya kaya zake si sahihi, wanafunzi warudi mlangoni.

Kuhusu kalenda, alizeti na nafaka za Singida huvunwa zaidi kati ya mwezi wa Mei na Juni. Wanafunzi wa Makerere huwa katika mafunzo ya vitendo Juni na Julai. Wakifika Mandewa wakati huo watayakuta magunia bado hayajafunguliwa, na mkulima bado anakumbuka aliyafunga mangapi.