Mtoto kuugua akili si laana ya ukoo

Kijana wa miaka 19 akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kikao cha kwanza cha familia humtafuta mchawi. Cha pili humgeukia mama: alikula nini akiwa mjamzito, na kwao nani aliwahi kuugua?

Sayansi inatazama kwingine. Mwaka 1993, Wamarekani Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza kitu kigeni ndani ya mnyoo wa milimita moja: kipande kifupi cha RNA, chenye herufi 22 hivi, kisichotengeneza protini bali kinachozinyamazisha jeni nyingine. Wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu. Leo zinajulikana maikro-RNA mamia kadhaa kwa binadamu, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni, maikro-RNA ni kama mnyapara. Zinasaidia kuamua seli ipi iache kugawanyika na kuwa seli ya neva, na jeni ipi inyamaze. Mnyapara akipungua, ujenzi unaendelea, lakini mpangilio unaweza kuyumba.

Mfano ulio wazi ni watoto waliozaliwa wakikosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22. Ndani ya kipande hicho imo jeni inayosaidia kutengeneza maikro-RNA, pamoja na nyingine nyingi. Baadhi huzaliwa na kasoro ya moyo au ya kaakaa, wengine huchelewa kuongea. Takriban mmoja kati ya wanne hupata skizofrenia ukubwani. Na hili akina baba walisikie vizuri: mara nyingi kipande hicho hukosekana kwa mtoto pekee, baba na mama wakiwa nacho kamili.

Hakuna dawa ya maikro-RNA ya kutibu skizofrenia, wala kipimo cha kutabiri nani ataugua. Anayeuza kimojawapo anauza hewa.

Kinachosaidia ni kuwahi. Mtoto mwenye kasoro ya moyo anayechelewa pia kuongea, daktari aelezwe yote mawili kwa pamoja, siyo kila kliniki na lake. Kijana aliyejitenga ghafla, halali, anashuka shuleni na kushuku kila mtu, apelekwe hospitali yenye kitengo cha afya ya akili wiki hiyohiyo. Kikao cha ukoo kinaweza kusubiri.