Kwa samaki wa Kahendero, Hilux au D-Max?

Pikapu ya F-150 ina nguvu, sikatai, lakini kwetu Kasese mzigo ni samaki na barafu, kutoka Kahendero kwenye Ziwa George hadi sokoni Mpondwe, kule Bwera. F-150 hutoka kiwandani na usukani wa kushoto, nasi Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Kulipita lori kwa gari pana namna hiyo ni hatari tupu! Ushindani wa kweli ni kati ya Hilux na D-Max za dizeli, zinazobeba takriban tani moja. D-Max ya lita 3.0 naipenda mlimani. Hata hivyo ningenunua Hilux: mafundi wameizoea, spea hazisumbui, na ukitaka kuiuza mnunuzi hakawii. Ila ikiwa imetumika, ingia chini ukague chasisi, maana maji ya samaki huozesha chuma.