Bukavu: Freni zinachoma feza ya dereva na ya abiria

Kila asubuhi, teksi-basi zikishuka kutoka Kadutu, harufu ya freni inaingia mpaka ndani ya gari. Dereva anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena. Jioni analalamika kwamba esansi imekwisha na plakete zimelika. Abiria naye analalamika kwamba nauli ni kali. Wote wawili hawaulizi: ile nguvu ya gari inakwenda wapi freni ikikamata?

Inageuka joto na kupotea hewani. Teksi-basi iliyojaa watu, yenye uzito wa tani 3 hivi, ikitembea kilomita 40 kwa saa na kusimama mara mbili, imetupa joto la kutosha kuchemsha lita moja ya maji. Ikishuka mlima wa mita 100 kwa freni tu, imetupa joto la kuchemsha lita nane. Mama aliyekimbia vita, anayenunua makala kidogo-kidogo ili watoto wapate uji, anaelewa vizuri hasara hiyo.

Kuna magari yasiyotupa yote. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ina mota ya umeme pamoja na injini ya esansi. Dereva akikanyaga freni, magurudumu yanaizungusha ile mota, nayo inafanya kazi ya dinamo: gari linapunguza mwendo, umeme unaingia kwenye betri. Gari likiondoka tena, umeme huo unasaidia kulisukuma. Ndiyo sababu faida yake inaonekana zaidi mjini, penye kusimama kila mara, kuliko kwenye barabara ndefu.

Lakini mtu asidanganywe. Nguvu inayorudi ni sehemu tu. Betri ikiwa imejaa tayari juu ya mlima, haipokei kitu wakati wa kushuka. Freni za kawaida zinabaki za lazima. Na gari la okazi lenye betri iliyochoka linaweza kumletea mwenyewe hasara kubwa, kama hakuna fundi wa kulipima.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wa Kongo, na betri nyingi za magari zinaitumia. Madini yanatoka, lakini fundi wa Bukavu anayeweza kufungua betri hiyo bila kupigwa na umeme ni wa kutafuta kwa tochi. Serikali ingeanzia hapo: kufundisha vijana katika shule za ufundi, wakiwemo wale waliokatishwa masomo na vita, na kupunguza kodi ya forodha kwa magari ya namna hii ambayo betri yake imepimwa.

Wakati wa kungoja hayo, dereva hakosi la kufanya leo. Kwenye mteremko atie vitesi vidogo, injini isaidie kushikilia gari. Asizime injini ili kuokoa esansi, maana freni inakuwa nzito na haikamati vizuri. Akiona msongamano mbele, aachie esansi mapema kuliko kukimbia na kufunga freni ghafula. Hiyo haihitaji betri wala feza. Inaokoa plakete, na siku freni zingekataa mlimani, inaokoa watu waliomo ndani.