Utumwa Zanzibar haukuisha mwaka 1873

Wengi wanaofika kanisa kuu la Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa la Zanzibar, huondoka wakiamini kwamba utumwa ulikomeshwa mwaka 1873, Waingereza walipomshinikiza Sultani Barghash akubali mkataba. Mkataba ule ulifunga masoko na kuzuia watumwa kusafirishwa baharini. Aliyekuwa tayari kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba haukumgusa. Alibaki mali ya mtu kwa miaka 24 zaidi. Hata amri ya Aprili 1897 ya kukomesha utumwa haikumfungulia mlango wazi. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mahakamani kuudai mwenyewe, na akishaupata aoneshe kwamba ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia akapewa bwana. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909, jambo linalotajwa kwa nadra mno, nami naona ni aibu.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kalamu zilizopinga utumwa zote zilikuwa London. Ni kweli jarida la Anti-Slavery Reporter liliibana serikali ya Uingereza kwa miaka mingi, na bila manowari za serikali hiyo soko lisingefungwa upesi vile. Lakini mwaka 1887 mmisionari A. C. Madan alitoa kitabu, Kiungani, cha masimulizi ya wavulana waliookolewa utumwani na kusomeshwa na misheni katika shule yake ya Kiungani, Unguja. Waliandika wenyewe, kwa Kiswahili; yeye alitafsiri. Mwaka uliofuata, hapo hapo Kiungani, likaanza gazeti la Kiswahili, Msimulizi. Itasemwa kwamba wamisionari ndio waliochuja maneno. Walichuja, bila shaka. Hata hivyo, namna mtoto alivyotekwa kwao, akauzwa na kuuzwa tena hadi pwani, mwalimu asingeweza kuijua ila kwa kuambiwa na aliyeipita njia hiyo.

Wasioandika nao walitenda. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro walijaa misheni hata kampuni ya Kiingereza ya IBEA, ilipoingia mwaka 1888, ikalazimika kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watu zaidi ya 1,000 waliokwisha kujikomboa kwa miguu yao. Vitabu vya shule vinavyomtaja Barghash na balozi wa Uingereza John Kirk viwataje na hawa, na penye mwaka 1873 viandike pia 1897 na 1909.