Baraka Si Balaka

Natoa hoja moja katika insha hii, na sitaizunguka: jina la mtoto liandikwe jinsi wazazi wake wanavyolitamka, wasomewe herufi kwa herufi kabla ya muhuri kupigwa, na baada ya hapo asiwepo mtu wa kulibadilisha, awe karani, mwalimu wa darasa la kwanza au mhadhiri wa Kiswahili. Hapa Dzaleka na kule Lilongwe jambo hili halitendeki, na sisi tunaojiita wanafunzi wa lugha tumekaa kimya kana kwamba halituhusu.

Tuanze na Baraka. Ni neno la heri, na tena ni mji wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako wengi wetu tumetoka. Balaka ni wilaya ya kusini mwa Malawi. Mama anasema Baraka, karani anaandika Balaka, na herufi moja tu imemtoa mtoto kwenye dua ya mama yake na kumweka kwenye ramani ya nchi ambayo yeye ni mgeni. Hali ni hiyohiyo kwa Furaha anayegeuka Fulaha, Riziki anayegeuka Liziki na Rehema anayegeuka Lehema.

Karani huyu hana chuki na mtu. Ameandika kama alivyofundishwa. Kanuni ya uandishi wa Kichewa huweka r baada ya i na e, na l kwingineko. Kwa masikio yake na kwa kalamu yake, Fulaha ndiyo tahajia safi. Kosa ni kutumia kanuni ya lugha moja juu ya jina la lugha nyingine bila kumuuliza mwenye jina.

Kabla yake wamepita wengine. Makarani wa Kongo waliosomea Kifaransa waliandika sauti ya sh kwa ch, na ya j kwa dj. Ndipo Juma akawa Djuma, Musa akawa Moussa, na Asha akawa Acha. Hebu msome huyo wa mwisho kwa Kiswahili: msichana anaitwa kwa amri ya kukatazwa. Kutoka Burundi kuna Ciza, ambaye c yake husomwa kama ch yetu. Mtu aliyezoea Kiingereza akiisoma kama s, mtoto anakuwa Siza, jina lisilo lake. Hivyo jina moja linaweza kuvuka mipaka mitatu na kuvaa nguo tatu: ya Kifaransa, ya Kichewa na ya Kiingereza. Nguo ya nyumbani haionekani popote.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya masikio tu, mtoto ni yuleyule. Mtoto ni yuleyule, ila karatasi si zilezile. Kadi ya chakula inasema Rehema. Daftari la shule linasema Lehema. Cheti cha PSLCE cha darasa la nane kinafuata daftari la shule, na cheti cha MSCE cha kidato cha nne kinafuata hicho cha kwanza. Siku binti huyo anapoomba nafasi ya chuo, au familia yake inapoitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu, anaulizwa: Rehema ni nani, na Lehema ni nani? Mkimbizi hana kijiji cha kwenda kumleta shahidi. Hana parokia iliyombatiza wala chifu aliyemwona akizaliwa. Ushahidi wake wote ni karatasi, na karatasi zimeanza kushindana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2023, serikali ilipowaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, watoto waliokuwa wakisoma Lilongwe walilazimika kuacha shule zao. Mtoto aliyehama na barua ya shule yenye tahajia moja akakuta kadi ya kambi yenye tahajia nyingine alibeba mzigo ambao hakuufunga yeye.

Kuna dhuluma ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya r na l. Fomu inataka jina la ukoo. Katika desturi ya Burundi na Rwanda, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na jina hilo lina habari. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane. Bukuru na Butoyi ni mapacha, mkubwa na mdogo. Watoto hao ni wa tumbo moja, lakini mbele ya fomu wanaonekana watu wanne wasiojuana. Matokeo yake, wazazi wengi sasa wanaacha desturi hiyo na kumbandika kila mtoto jina la baba, si kwa kulipenda, bali kwa kuogopa siku ya kuulizwa: mbona huyu si mwanao? Desturi iliyovuka vita na mipaka inauawa na kisanduku cha fomu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye mtindo wa majina mapya. Sikilizeni watoto wanavyoitwa jioni. Utasikia Plamedi, yaani mpango wa ajabu wa Mungu kwa Kifaransa, maneno yake yakiwa yamekatwa na kuunganishwa. Utasikia Merdi, asante Mungu, na Glody, utukufu wa Mungu, yaliyoundwa kwa ufundi huohuo. Utasikia Exaucé, aliyeombewa akapatikana, ambaye alama yake ya juu huanguka kwenye karatasi ya kwanza kabisa. Utasikia pia Chisomo na Chikondi, neema na upendo kwa Kichewa. Mimi sina ugomvi na hata moja kati ya hayo. Plamedi ni ubunifu wa Wakongo wenyewe, na mtoto aliyezaliwa Dowa akiitwa Chisomo anaishukuru ardhi iliyompokea. Mzazi ana haki ya kuchagua.

Ugomvi wangu ni na sababu inayonong'onwa: "Tumpe jina ambalo wazungu wataweza kulisoma." Mzazi anayemwita binti yake Joy kwa kuwa anapenda neno hilo amechagua. Mzazi anayeliacha Furaha kwa hofu ya dawati amechaguliwa. Na wale wanaobaki na jina la Kiswahili lakini wanalipamba kwa y na h ili lionekane la kigeni, wakaandika Neyma badala ya Neema, wajue kwamba wanampa mtoto kazi ya kutaja herufi za jina lake kwa kila mtu, maisha yake yote. Pambo hilo atalilipia yeye.

Sasa niwageukie walimu wetu, kwa heshima zote. Baadhi yenu mmekuwa mkisahihisha majina ya wanafunzi kwa kalamu nyekundu. Ramazani mnaandika Ramadhani, Amisi mnaandika Hamisi, Assani mnaandika Hasani, mkisema hicho ndicho Kiswahili sanifu. Kiswahili cha Kongo hakikuikopa dh ya pwani; kiliifanya z, na h ya mwanzo kikaiacha njiani. Mtu aliyerithi Ramazani kutoka kwa babu yake wa Maniema hakukosea tahajia. Usanifu una kazi yake katika insha na kamusi. Katika jina la mtu hauna mamlaka, na mwalimu anayelifuta Ramazani anafanya kitendo kilekile cha karani anayeandika Balaka: anaipandisha kanuni yake juu ya mwenye jina.

Tena sisi tuliotoka Kongo tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwaka 1972 Mobutu aliwaamuru raia wote wa Zaire waache majina ya Kikristo na kuchukua ya asili. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko. Mapadre waliobatiza kwa majina ya Kizungu walitishiwa kifungo. Alidai anawarudishia watu utu wao. Lakini jina la asili lililotolewa kwa amri halina tofauti na jina la kigeni lililotolewa kwa amri. Utawala wake ulipolegea, watu walirudia majina ya ubatizo bila kuyatupa yale mengine, na leo Mkongo anabeba yote pamoja. Watu walichagua tena, na hiyo ndiyo haki ninayoitetea.

Najua pingamizi linalokuja: dawati lina foleni, karani mmoja ana watu mia, hana muda wa kumuuliza kila mama. Basi tuitazame Japani, nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja. Majina yao huandikwa kwa alama za kanji, na alama zilezile mbili, ya ukubwa na ya kuruka angani, husomwa Hiroto katika nyumba moja na Haruto katika nyumba nyingine. Wazazi wa siku hizi wamezidisha usomaji wa kubuni hadi majina hayo yakapewa jina la utani la majina ya kumetameta. Daftari la familia liliandika alama tu, halikuandika jinsi zinavyosomwa. Tangu tarehe 26 Mei 2025, sheria yao inataka usomaji nao uandikwe. Je, makarani walikaa wakabuni? Manispaa zilituma barua kwa watu wake kuwajulisha usomaji unaokusudiwa kuandikwa, wakapewa mwaka mmoja wa kusema kama si sahihi. Sheria hiyohiyo iliwawekea wazazi mpaka pia: usomaji uwe ule ambao watu kwa kawaida wanaweza kuukubali. Dola kubwa imemuuliza raia wake jina lake linasomwaje. Dawati la kambi linashindwa nini kumuuliza mama aliyesimama mbele yake?

Wala haki hii si fadhila. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Malawi iliuridhia mwaka 1991, unasema mtoto aandikishwe mara anapozaliwa na awe na haki ya jina. Malawi yenyewe imefanya usajili wa vizazi kuwa wa lazima kwa wote tangu 2015. Jina lililokosewa limetimiza hesabu ya daftari, halijatimiza haki ya mtoto.

Pingamizi la mwisho ni zito zaidi: watu wana njaa, kambi iliyojengewa watu elfu kumi hivi imebeba zaidi ya elfu hamsini, na wewe unalilia herufi. Nalilia herufi kwa sababu msaada wenyewe hutolewa kwa jina. Anayesimama kwenye mstari na kadi yenye jina lisilo lake ndiye anayeambiwa asogee pembeni.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Dawati lolote linaloandika jina la mtoto limsomee mzazi herufi kwa herufi, na mzazi asiyejua kusoma aruhusiwe kuja na msomaji wake. Walimu wa shule wafuate karatasi ya kwanza, wasiandike kwa sikio. Nasi wanafunzi tunaojua Kiswahili, Kifaransa, Kichewa na Kiingereza tupange zamu ya kukaa nje ya kliniki ya wazazi na kuwaandikia kina mama jina la mtoto, kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwenye kipande cha karatasi ambacho watakiweka mbele ya karani. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji kalamu, benchi na asubuhi mbili kwa wiki. Mimi nimeshajiandikisha kwa Jumanne. Alhamisi bado haina mtu.