Gladioli ya Miombo Yastahili Bustani za Kigoma

Katika bustani za Kigoma na Ujiji, penye miembe mikongwe, bogonvilia iliyotoka Amerika ya Kusini hutunzwa kama mgeni wa heshima, ilhali ua la nyumbani limeachwa porini. Ua hilo ni gladioli ya miombo, ambayo wataalamu huiita Gladiolus dalenii. Maua yake ni ya manjano na rangi ya chungwa, na petali ya juu imeinama kama kofia.

Ulaya haikulidharau. Gladioli kubwa zinazouzwa leo ulimwenguni ni mahuluti, na mmea huu ni mmojawapo wa wazazi wao. Huluti mashuhuri aliyetokana nao aliuzwa na Louis Van Houtte wa Ghent, Ubelgiji, tangu mwaka 1841. Hivyo mkazi wa Kigoma aagizaye viazi vya gladioli kutoka ng'ambo hununua wajukuu wa jirani yake. Tena hununua na taabu, kwa kuwa usingizi wa viazi hivyo huvunjwa upesi kwa kuhifadhiwa baridini.

Mmea wa miombo haudai hayo. Kiazi chake si mzizi ulionenepa kama muhogo, bali ni shina lililovimba, kama gimbi. Kiangazi kifikapo majani hukauka, na hata moto wa nyika ukipita, kiazi kimelala salama ardhini. Mvua zirudipo huchipua tena. Kila msimu kiazi kipya huumbika juu ya kile cha zamani, ambacho husinyaa, na vitoto huzaliwa pembeni. Yatosha kukifukia kiasi cha sentimita 10, penye jua, katika tuta lililoinuliwa. Maji yakituama, huoza.

Hata hivyo, pasiwepo mtu wa kwenda porini na jembe. Katika Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi vimechimbwa mno kwa ajili ya biashara ya chakula inayovuka mpaka kwenda Zambia, na okidi zimepungua. Gombe, iliyo hifadhi ya taifa tangu 1968, isigeuzwe shamba la kuchuma bure. Njia ya haki ni mbegu, na ingefaa vitalu vya miche vya halmashauri vianze kazi hiyo, ingawa hupita miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza. Mbegu hizo zina mabawa membamba. Matunda yakipasuka hupeperushwa na upepo, kwa hiyo hukusanywa kidogo kabla ya hapo, na nyingi huachwa zianguke zilipo.