Kabla ya kumpeleka mwanafunzi Ngomeni, mpeleke mwalimu

Nikiwa shule ya msingi hapa Sarang'ombe, mwalimu wetu alichora roketi ubaoni. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, ushawahi kuona moja?" Akacheka. "Labda kwa TV." Darasa zima likacheka naye. Nilitoka hapo nikijua kwamba mambo ya anga ni ya watu wa mbali.

Kumbe wapi! Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ngomeni iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada, na mashariki yake ni bahari tupu.

Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake, 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Kinatosha kiganjani! Aprili 15, 2023, Taifa-1 ikafuata kwa roketi ya SpaceX kutoka California.

Sasa, ziara za shule tunazijua. Mzazi anaitishwa pesa, asiye nazo mtoto wake anabaki mtaani. Anayeenda anarudi na picha kwa simu, basi. Lakini mpe mwalimu mmoja kiti hicho, atarudi na simulizi za madarasa yote atakayofundisha mpaka astaafu.

Ndiyo maana naomba Shirika la Anga za Juu la Kenya na vyuo vikuu vitenge siku za walimu kila likizo, hasa walimu wa mitaa kama Kibera na Kawangware. Wasiishie ukumbini kupewa soda na vijitabu. Waingie ndani, waone antena za Ngomeni zinavyonasa mawimbi, wamuulize mhandisi ni nini kilimshinda na akafanyaje.

Najua utasema, mtaani hatuna maji ya uhakika, setilaiti ni za nini? Swali halali. Lakini wanafunzi wa Gredi ya 9 wanachagua mkondo wa masomo sasa hivi. Mtoto hawezi kuchagua kazi ambayo hata mwalimu wake anaiona ni ya wengine.

Siku moja mtoto wa Sarang'ombe atauliza lile swali tena. Nataka mwalimu aweke chaki chini na kumjibu, "Ndiyo, hata nimeingia mahali zinaposikilizwa. Kaeni niwaambie."